Mvumo Ndani ya Sanduku la Musimbi

Sanduku likavuma tena.

Safari hii hakuna aliyesingizia friji ya jirani. Sauti ilitoka mlemle ndani, chini ya nguo za marehemu, nzito na ya chini, kama mtu anayeguna huku amefunga mdomo. Mama Nakhumicha, mama mkwe wa marehemu, ambaye juma lililopita tulimwacha amekwisha kutia ufunguo kwenye kufuli, aliuachia na kurudi nyuma hadi akagonga kabati la vyombo.

"Musimbi?" akaita.

Ule mvumo ukaongezeka.

Mayowe! Janice, binti wa Mama Nakhumicha, alimrukia aliyekaa karibu naye. Jepkosgei akamwaga chai. Kina mama wa kanisa, waliokuja na nyimbo tele, walijikuta hawakumbuki hata moja. Nje mvua ya Eldoret ilikuwa imejikusanya juu ya mtaa wa Langas, na sebule ile ya mbao ilikuwa na giza la magharibi ingawa sahani za chakula cha mchana zilikuwa bado hazijaondolewa.

Nelima peke yake hakupiga kelele. Yeye alikuwa na hofu ya aina nyingine, maana alijua kilichomo.

Ikiwa gazeti la juma lililopita lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, jua haya tu. Musimbi, mke wa Mabonga, alikufa kwa saratani akazikwa nyumbani kwa kina mume wake, Kimilili, Bungoma. Leo ukoo umekuja mjini kugawa nguo zake. Sanduku hufunguliwa mbele ya wanawake wote, kila kitu huinuliwa juu kikaonekana, kisha hupewa anayestahili. Na Nelima, mwenye duka la vipodozi mtaani Huruma, alimwapia Musimbi kitandani hospitalini kwamba kabla ya siku hiyo kufika atatoa sandukuni kitu kimoja.

Kitu chenyewe ni vaibreta, kile kifaa cha faragha cha kitandani kinachotetemeka. Ndiyo, umesoma vizuri. Nelima alimuuzia kwa mkono wake, chini ya kaunta, wakati dawa za saratani zilipoutia mwili wake ganzi.

"Mama asikione," Musimbi alikuwa amesema kwa midomo iliyokauka. "Nimefundisha watoto kanisani tangu niolewe. Wakikiona hicho, hakuna kingine watanikumbuka nacho."

Nelima aliapa. Lakini wakati wa matanga watu walilala hadi jikoni, na baada ya hapo mlango wa chumba ulifungwa. Sasa sanduku liko mezani, linavuma, na jina zima la rafiki yake limebakiza mzunguko mmoja wa ufunguo liharibike.

"Ni nyuki," alisema Mama Nakhumicha.

Wanawake waliotoka Bungoma walishika vifua. Huko kwao mtoto mdogo anajua habari hiyo. Ukiibiwa, unamwendea mtu fulani, naye anakutumia nyuki. Nyuki hao hawana haja na maua. Wanamtafuta mwizi, wanatua kichwani pake mbele ya watu, na hawatoki mpaka arudishe alichochukua.

"Mtu ameiba kitu ya bibi ya mwanangu," Mama Nakhumicha aliendelea, sauti yake ikipanda. "Marehemu amerudi na nyuki zake. Hakuna kutoka hapa. Janice, funga mlango."

"Mama, mimi si mtu wa Bungoma," Jepkosgei alijitetea. Alikuwa jirani wa mlango wa pili, mzaliwa wa Kaptagat. "Nyuki ya kwetu ni ya asali tu."

"Nyuki haiulizi mtu kabila. Keti."

Jepkosgei aliketi. Kisha akamtupia Nelima jicho, na Nelima akajua mara moja kwamba mwenzake pia ameitambua ile sauti. Jepkosgei alikuwa mteja wake. Ndiye aliyerudi dukani siku moja na kifaa kinachonata kama ulimbo, akidai ameuziwa kitu cha bandia.

"Ulipaka nini?" Nelima alimuuliza siku hiyo.

"Si ile jeli ya kukamulia ng'ombe? Ni laini, na inakuwa kwa nyumba kila wakati."

Kosa la Uasin Gishu nzima! Pahali pengine duniani watu hukosea kwa namna zao, lakini hapa kila nyumba ina ng'ombe, au ina shangazi mwenye ng'ombe, na ile jeli imefanywa dawa ya midomo, ya visigino na ya mambo ambayo mtengenezaji hakuyaota. Silikoni haipatani na jeli ya mafuta. Huilegeza, huitafuna, ikabaki na vishimo ambamo uchafu hujificha hata uoshe vipi. Ya Jepkosgei ilitupwa, na kutoka siku hiyo Nelima hakumpa mteja kifaa kabla hajamketisha kwenye kigoda na kumsomesha.

Maji ya vuguvugu, alikuwa akiwaambia. Sabuni isiyo na manukato. Osha kabla, osha baada. Kausha kwa kitambaa safi, usianike juani kama omena. Usichemshe kwenye sufuria, ndani mna mota. Hifadhi kwenye mfuko wa kitambaa. Na betri, dada yangu, betri zitoe! Betri ikisahauliwa ndani hutoa maji, maji hula chuma, na kutu ikishagusanisha visivyopasa kugusana kifaa hujiwasha chenyewe.

Hilo la mwisho ndilo lililokuwa likimtafuna sasa. Musimbi alikuwa mwanafunzi wake bora, lakini miezi ya mwisho vidole vyake havikuweza kufungua hata chupa ya maji. Nani angetoa betri? Nelima alikuwa akienda kumwona kila mara, akimpelekea uji na umbea wa Huruma, na hata siku moja hakukumbuka kuuliza. Nimekuacha mwenyewe, rafiki yangu, aliwaza. Nimekuacha na betri ndani.

"Musimbi, mwanangu," Mama Nakhumicha aliita tena, "tuonyeshe."

Vvvvvv.

Nywele za Nelima zilisimama. Kutu anaijua, lakini kutu haina masikio. Mbona kila jina la marehemu likitajwa, sanduku linaitika?

Janice alikuwa wa kwanza kuvunjika. Alipiga magoti hadi mbao za sakafu zikalia.

"Ni mimi, Mama! Nilichukua leso yake ile ya zambarau na marashi. Siku ya mazishi. Aki nilidhani hakuna mtu anajua. Musimbi, nisamehe, nitarudisha, marashi nimetumia kidogo tu!"

Mvumo ukakatika.

Kisha, kana kwamba Janice amefungua bwawa, wengine wakafuata. Mama mmoja wa kanisa alikuwa na Biblia ya marehemu, alisema aliiazima. Mwingine alikuwa na viatu. Jepkosgei alikiri sufuria ya chapati, akaongeza haraka kwamba yeye ndiye aliyeinunua mwanzo, akaipeana, kisha akairudisha kwake. Watu walilia, wakaombana msamaha, na Nelima akathubutu kupumua. Labda betri imeisha. Labda Mungu amemkumbuka.

"Asante, Musimbi," alisema Mama Nakhumicha.

Vvvvvvvv! Sanduku lilitetemeka juu ya meza mpaka kijiko kikaanguka.

"Bado," kikongwe alisema taratibu. "Bado kuna mmoja. Hawa wamechukua vitu vidogo vidogo. Kuna mtu ana deni kubwa na mke wa mwanangu."

Macho yote yakazunguka sebule na kutua pahali pamoja. Ni mmoja tu ambaye hakuwa amepiga magoti, naye hakuwa ndugu wala jirani.

"Nelima, mwanangu," Mama Nakhumicha aliuliza kwa upole, "wewe ulikuwa unaingia hapa kila wakati. Ulichukua nini?"

Hapa msomaji, jiweke mahali pake. Akisema hakuchukua kitu, kufuli litafunguliwa na kifaa kitainuliwa juu mbele ya kina mama wa kanisa. Akisema alichukua, basi kesho Huruma nzima itajua kwamba mwenye duka la vipodozi huibia wagonjwa mahututi. Nani atakaa tena kwenye kigoda chake? Nani atamwamini kwa siri ya chini ya kaunta?

Alimwona Musimbi kama anavyomkumbuka, amejiegemeza kwenye mto, anacheka bila nguvu. Akaanguka magotini.

"Ni mimi, Mama."

Guno likapita chumbani. Jepkosgei alifunika mdomo.

"Nilimwibia," Nelima alisema, na machozi yaliyokuja hayakuwa ya uongo. "Alikuwa hana nguvu ya kuniona, nikachukua. Nimekuja nacho leo nikirudishe. Lakini naona aibu, Mama. Niachieni sanduku kule chumbani niwe peke yangu. Nikirudishe kwa mkono wangu mwenyewe, nimwombe msamaha. Kisha mtafungua, mtagawa."

"Mwizi wewe!" Janice alifoka, akiwa amesahau marashi yake.

"Nyamaza," mamake alimkatiza. "Nyuki hutaka hivyo hivyo. Mwizi arudishe mwenyewe. Nenda, mwanangu. Beba."

Alikubali upesi mno. Laiti Nelima angelitazama hilo! Lakini alikuwa tayari amelikumbatia sanduku kifuani, linatetemeka mikononi mwake, na alikuwa anakimbilia chumba cha ndani.

Alifunga mlango kwa mgongo. Chumba kilinukia dawa na baridi. Upande wa Musimbi wa kitanda ulikuwa umetandikwa, mto umenyooshwa, wala hakuna aliyeulalia tangu alipoondoka. Mvumo ulikoma ghafla. Nelima aligeuza ufunguo na kuinua kifuniko.

Alipekua haraka. Blauzi. Sketi ya kitambaa kizito. Sare ya umoja wa akina mama. Chini kabisa vidole vyake vikagusa kitu alichokijua, mfuko mdogo wa kitambaa cha pamba alioushona mwenyewe. Akaushika, akavuta kamba, akakitoa kifaa.

Kilikuwa baridi na kimetulia. Alifungua kifuniko cha chini. Ndani mlikuwa mtupu, hamna betri, na chuma chake kinachong'aa kilikuwa hakina hata alama ya kutu.

Akakisogeza puani. Kilinukia sabuni.

Si sabuni ya zamani. Ilikuwa sabuni ya leo au ya jana, na kwenye mshono wa mfuko pamba ilikuwa bado na unyevunyevu. Musimbi yuko chini ya udongo wa Kimilili tangu kabla ya mahindi kupandwa, na mtu ameosha kifaa chake.

"Mimi ndiye naosha."

Nelima karibu azirai. Mabonga alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani, maji ya mvua yakimchuruzika kofiani. Alikuwa nje na wanaume, chini ya turubai. Alikuwa amekonda, shati limebaki kama limeazimwa.

"Shemeji," Nelima alisema, akikificha kifaa nyuma yake kama mtoto. "Mimi... hiki si..."

"Usihangaike, shemeji. Najua ni nini. Nilijua tangu siku ya kwanza." Alijiketisha kwenye ukingo wa kitanda, upande wake. "Alidhani ananificha. Kisha akachoka kunificha, tukacheka sana usiku huo. Ugonjwa ulikuwa umetunyang'anya kila kitu. Hiyo ilitubakishia kidogo. Nilikuwa namwoshea mwenyewe wakati mikono yake ilikataa."

"Na sasa?"

"Sasa naosha kila Jumamosi. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, nakausha na taulo yake. Vile ulimfundisha." Alitazama sakafu. "Najua haihitaji. Haijatumika. Lakini nikimaliza kuosha, naona ni kama nimemhudumia."

Nelima alihisi kitu kikipasuka ndani yake. Amejiita mwizi mbele ya wanawake wote hawa, amelichoma jina lake, kulinda siri ambayo mwenye nyumba alikuwa akiiosha kila Jumamosi! Angecheka kama si uchungu. Kwa nini Musimbi hakumwambia? Labda mauti yalimtangulia.

"Mama alinipokonya ufunguo leo asubuhi mbele ya watu," Mabonga alisema. "Sikuweza kukataa. Lakini nilitulia kidogo kwa sababu betri nilitoa. Nilijua haitalia."

Wakatazamana.

"Shemeji," Nelima alisema polepole, "kama hii haina betri, ni nini kilichokuwa kikilia?"

Sanduku likamjibu. Vvvvvv.

Mabonga alisimama wima. Nelima alitia mkono, na safari hii akafuata sauti hadi kwenye kona, chini ya kitambaa cha bitana kilichochanwa kidogo. Akakivuta. Kilikuwa kifaa kingine, cha kisasa, laini, rangi ya damu ya mzee, cha kutumia chaji. Hakuwahi kuuza kama hicho. Kilitetemeka kiganjani mwake kama kifaranga, kisha kikanyamaza.

"Hiki ulimnunulia wewe?"

Mabonga alirudi nyuma. Uso wake ulikuwa umepauka kama majivu.

"Shemeji, sema!"

"Niliagiza Nairobi," alisema, na sauti yake haikuwa yake. "Ile yako ilimshinda kufungua. Hii ilikuwa ya kubonyeza tu. Aliipenda. Akaniambia, Mabonga, nikienda nipe niende nayo, mama yako asije akaikuta." Akameza mate. "Nilimpa, Nelima. Nilimwekea mkononi chini ya shuka. Nikafunga jeneza. Misumari nilipigilia mimi mwenyewe, sikuruhusu mtu. Hiyo kitu nilimzika nayo."

Mvua ilizidi kupiga mabati. Nelima alikuwa amebakiwa na akili ya kazi yake tu, na hiyo ndiyo aliyoishika asije akapiga ukelele. Aligeuza kifaa, akakikagua kama anavyokagua vya wateja. Silikoni haikuwa na mchubuko. Tundu la chaji lilikuwa kavu. Taa yake ndogo ilikuwa ya kijani, na betri ya namna hii ikiachwa miezi bila kuguswa hufa kabisa. Basi imechajiwa. Mtu ameiosha, ameikausha, ameichaji.

Ameiosha vizuri, lakini si kama mwanafunzi wa Nelima. Kuzunguka kitako kuna mfereji mwembamba, pale ambapo huwaambia wateja wapitishe mswaki laini kwa sababu kitambaa hakifiki. Alipitisha ukucha. Ukatoka na udongo.

Udongo mwekundu.

Mabonga aliuona. Akashika ukuta.

"Kaburi," alisema. "Kaburi hatujalisakafia bado."

"Ngoja." Nelima alimshika mkono. Kuna jambo lilikuwa limemgonga, na lilikuwa baya kuliko mizimu. "Hii ya kubonyeza. Ilikuwa na rimoti?"

"Ndiyo. Ndogo, kama kifungo cha koti. Niliiweka chini ya mto wake, mle mle ndani ya jeneza."

Basi sanduku halikuwa na masikio. Halikuwa limeitika jina la mtu. Kila mara jina lilipotajwa, kuna kidole kilichokuwa kikibonyeza, na kidole hicho kilikuwa pale sebuleni pamoja nao, kikinywa chai.

Nelima alienda mlangoni. Aliufungua kiasi cha jicho moja kupita.

Kina mama walikuwa wamesimama duara wakiomba. Walikuwa wakiomba kwa nguvu, macho yamefumbwa, na mikono yote imeinuliwa juu. Aliihesabu kwa macho mmoja mmoja. Jepkosgei, yote miwili. Janice, yote miwili. Wale wa kanisa, yote.

Mama Nakhumicha alikuwa ameinua mmoja. Mwingine ulikuwa ndani ya leso, tumboni.

Leso ikasogea kidogo. Kifaa kikashtuka kiganjani mwa Nelima, vvvvv, na maombi yakapanda juu kwa hofu.

Kikongwe alifumbua macho. Hakushangaa kuliona jicho lililokuwa likimchungulia. Alilitazama kwa muda, kwa utulivu wa mtu aliyesubiri miezi mingi na sasa amefika, kisha akashusha mkono wake.

"Toka nacho, mwanangu," alisema kwa sauti iliyonyamazisha chumba kizima. "Nilimwapia Musimbi pale kaburini, nilipotoa hiyo kitu mkononi mwake, kwamba aliyeleta hiyo kitu kwa nyumba ya mwanangu atajitaja mwenyewe, kwa kinywa chake. Ni aliyeileta tu angekubali kuitwa mwizi ili aifiche. Leo umejitaja."